Mlio Masikioni: Vyanzo Vyake na Hatua za Kuchukua Kabla ya Kununua Dawa

Mlio masikioni ni sauti anayoisikia mtu ilhali hakuna kitu nje ya mwili wake kinachoitoa. Wengine huusikia kama nyenje wa usiku, wengine kama filimbi nyembamba, birika linalochemka au mvumo wa mto ulio mbali. Huweza kuwa katika sikio moja, katika masikio yote mawili, au kuonekana kana kwamba unatoka katikati ya kichwa. Madaktari huuita tinitasi. Mlio wa sekunde chache unaokuja na kupotea huwapata watu wengi wenye afya njema, nao si jambo la kuhangaikia. Tunaouzungumzia katika somo hili ni ule unaodumu au unaojirudia mara kwa mara.

Wapo wanaosema kwamba sikio likilia, mtu anasengenywa mahali fulani. Kauli hiyo ikisemwa kwa mzaha haina madhara. Madhara huanza pale mtu anapokaa na mlio miezi mingi bila kuchunguzwa, au anapotumia akiba yake kununua dawa ya sikio kutoka kwa muuzaji ambaye hata hakulitazama sikio lenyewe. Tunawaandikia wakazi wa Moshi, Hai, Siha, Rombo na vijiji vyote vya mteremko wa Kilimanjaro ili wapate kuelewa jambo moja: mlio si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili. Vyanzo vyake ni vingi, na tiba ya chanzo kimoja huweza kudhuru penye chanzo kingine. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kutafuta chanzo, si kununua dawa.

Sikio linavyofanya kazi

Sauti huingia kwa tundu la sikio na kukitikisa kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa mfano wa ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu midogo sana inayopeleka mtikisiko huo ndani zaidi, katika sehemu yenye umbo la konokono iliyojaa majimaji. Humo mna seli zenye vinyweleo, takribani 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo.

Seli hizo zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa ishara uliozizoea, hujaribu kuongeza usikivu wake wenyewe, kama mtu anayefungua redio hadi mwisho akitafuta kituo kilichopotea: badala ya kituo, husikia mvumo. Hii ndiyo sababu mlio mwingi huambatana na upungufu wa kusikia, hata kama mwenyewe hajautambua. Aidha, ndiyo sababu kinga ni bora kuliko tiba, kwa kuwa hakuna dawa ya matone wala ya vidonge inayorudisha seli zilizokufa.

Vyanzo vinavyotokea mara nyingi

Kwanza, kelele. Hiki ni miongoni mwa vyanzo vikuu, nacho kinazuilika. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, hivyo muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 88 huvumilika kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, desibeli 94 kwa saa 1, na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Msomaji asiye na chombo cha kupimia anaweza kutumia kanuni nyepesi: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi kelele hiyo imefikia kiwango cha kudhuru.

Katika eneo letu walio hatarini ni wasaga nafaka, mafundi seremala, mafundi wa kuchomelea na kugonga vyuma, waendeshaji wa misumeno ya mnyororo mashambani, wafanyakazi wa viwandani, na madereva wa bodaboda wanaopigwa na upepo masikioni kutwa nzima. Kundi jingine ni vijana wanaovaa visikilizio kwa saa nyingi. Tusisahau sherehe. Mwezi Desemba familia nyingi hurejea migombani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na harusi, ubatizo na kipaimara hufuatana. Mtu aliyeketi karibu na spika jioni nzima, akalala masikio yakivuma, amepata onyo. Mara nyingi mvumo huo hupungua baada ya siku moja au mbili. Lakini ukirudiwa kila wiki, huweza kubaki.

Pamba ya kawaida iliyosokotwa na kutiwa masikioni haizuii kelele vya kutosha. Vinavyofaa ni vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, au vikingio vinavyofunika sikio lote.

Pili, nta. Nta ya sikio si uchafu. Huundwa na mwili ili kunasa vumbi na kulinda ngozi ya tundu, na kwa kawaida hujitoa yenyewe. Inapozidi na kuganda, huziba tundu, na mtu husikia mvumo na uzito wa sikio. Aghalabu kinachoifanya igande ndani ni mazoea yetu ya kusafisha masikio kwa kijiti cha pamba, kibiriti, pini ya nywele, ufunguo au unyoya wa kuku. Vitu hivyo huisukuma nta ndani zaidi na huweza kukitoboa kiwambo. Mhudumu wa afya aliyejifunza huweza kuitoa nta kwa muda mfupi, na mlio ukaisha siku hiyo hiyo. Hiki ni chanzo chepesi kuliko vyote, nacho hutambulika kwa kutazamwa tu.

Tatu, maambukizi. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara, hasa kwa watoto, huharibu kiwambo na mifupa midogo. Mzazi asizoee usaha huo kana kwamba ni sehemu ya utoto. Wala asitie sikioni mafuta ya moto, mafuta ya taa, mkojo au maji ya majani. Hata matone yanayouzwa dukani hayafai kununuliwa kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi yake, yakipita kwenye kiwambo kilichotoboka, huweza kuzidhuru seli za ndani.

Nne, umri. Kadiri miaka inavyosonga, seli za kusikia hupungua, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Mzee huanza kusema kwamba watoto wanazungumza kwa kunong'ona, kisha hulalamika kuhusu mlio wakati wa usiku nyumba inaponyamaza. Familia isimwambie kwamba ni uzee tu. Uzee ndio chanzo, lakini msaada upo, nasi tutaueleza mbele.

Tano, dawa. Wazee wetu waliomeza kwinini kwa ajili ya malaria wanakumbuka jinsi masikio yalivyovuma. Kwa kawaida mvumo huo huisha dawa inapokwisha mwilini. Tangu sera ya matibabu ilipobadilishwa mwaka 2006, malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto, kwa hiyo mtu asijinunulie kwinini bila maelekezo. Aspirini, na dawa nyingine za maumivu za jamii yake zikitumiwa kwa wingi, nazo huweza kuleta mlio unaopungua dozi ikipunguzwa. Wapanda mlima wanaotumia asetazolamaidi kujikinga na ugonjwa wa mwinuko wafahamu kwamba mlio umo katika orodha ya madhara yake.

Zipo dawa ambazo madhara yake huweza kudumu. Kubwa miongoni mwake ni sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini, pamoja na baadhi ya dawa za saratani. Wakazi wa wilaya ya Siha wanaifahamu hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu, na ambayo imekuwa kituo cha kutibu kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi, duniani kote, tiba ya kifua kikuu sugu ilitegemea sindano za aina hiyo, na baadhi ya wagonjwa walipona kifua wakapoteza usikivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini, na tiba ikaelekea kwenye vidonge vitupu. Mtu aliyewahi kuchomwa sindano hizo na sasa ana mlio amweleze daktari historia hiyo. Hata hivyo tunasisitiza: mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya mlio. Arudi haraka kwa aliyemwandikia, naye ataamua kupunguza, kubadilisha au kuendelea.

Sita, mwinuko na mafua. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu mtu hupanda karibu mita 1,000, na gari huweza kuushuka mteremko huo kwa muda mfupi. Hewa ya nje hubadilika shinikizo, na mfereji mwembamba unaounganisha sikio na koo hutakiwa kufunguka ili kusawazisha. Mtu mwenye mafua mfereji wake huwa umevimba, naye huhisi sikio limeziba na kuvuma. Kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna husaidia. Mtoto mchanga anyonyeshwe gari linaposhuka. Wapagazi na waongozaji wanaoshuka kutoka kilele cha mita 5,895 wakiwa na mafua makali wanapaswa kulizingatia hili. Sikio lisilofunguka baada ya siku chache, au lenye maumivu na majimaji, lipelekwe kwa daktari.

Saba, mwili kwa jumla. Mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo huweza kutokana na mishipa ya damu, shinikizo la juu la damu au upungufu mkubwa wa damu, kwa hiyo mtu apimwe shinikizo na wingi wa damu. Maumivu ya taya na kusaga meno usingizini navyo huweza kuleta mlio. Wasiwasi, huzuni na kukosa usingizi huufanya mlio uliopo uonekane mkubwa zaidi, na mlio nao humnyima mtu usingizi. Hivyo kimoja hukuza kingine.

Dalili zisizongoja

Zipo hali ambazo mtu hapaswi kusubiri siku ya gulio wala mwisho wa mwezi. Aende hospitalini upesi, ikiwezekana siku hiyo hiyo, ikiwa:

1. Usikivu umepotea ghafla, au ndani ya siku tatu, katika sikio moja au yote mawili. Tiba ya hali hii hufaa zaidi ikianza katika siku za mwanzo. Wiki chache baadaye nafasi huwa imepungua sana.
2. Mlio umeanza baada ya kuumia kichwa.
3. Mlio umeambatana na kizunguzungu kikali, udhaifu wa uso au upande mmoja wa mwili, au shida ya kusema.
4. Mlio unampa mtu mawazo ya kujidhuru. Hali hii ni ya dharura kama zilivyo nyingine, wala si aibu.

Mlio ulio katika sikio moja tu na usiokoma, mlio unaokwenda na mapigo ya moyo, na sikio linalotoa usaha au damu, navyo vinahitaji daktari bila kucheleweshwa.

Mahali pa kwenda na maneno ya kusema

Safari ianzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko mhudumu anaweza kulitazama sikio kwa kifaa chenye taa, kupima shinikizo la damu, na kutibu au kuelekeza mbele. Rufaa huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na kwa matatizo makubwa zaidi hospitali ya kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye idara ya masikio, pua na koo. Mwenye bima azingatie utaratibu wa rufaa ili asilazimike kulipa mwenyewe.

Mgonjwa ajiandae kueleza mambo matano: mlio ulianza lini, upo sikio gani, unafanana na sauti gani na kama unafuata mapigo ya moyo, kazi anayofanya na kelele anazokaa nazo, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili. Ni vyema abebe pakiti zenyewe. Kisha naye aulize: "Daktari, sikio langu limeonekanaje? Je, ninahitaji kipimo cha usikivu? Chanzo mnachokidhania ni kipi?" Maswali hayo si utovu wa adabu. Ni haki ya anayehudumiwa.

Kinachosaidia na kisichothibitishwa

Chanzo kikipatikana, hutibiwa chenyewe: nta hutolewa, maambukizi hutibiwa, shinikizo la damu hushushwa, dawa hubadilishwa. Pale ambapo seli zimekwisha kuharibika, mlio huenda usiondoke kabisa, lakini wengi huuzoea kiasi kwamba hauwasumbui tena. Husaidia kuepuka kimya kikubwa wakati wa kulala, kwa mfano kuwasha redio kwa sauti ndogo. Husaidia pia kupanga usingizi, kufanya mazoezi, na kupata ushauri wa kisaikolojia wa kubadili namna mtu anavyoupokea mlio. Mwenye upungufu wa kusikia hunufaika na shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwa kuwa sauti halisi zikirudi mlio hufifia nyuma yake.

Hadi sasa hakuna kidonge, matone wala mitishamba iliyothibitishwa kwamba huponya mlio wa kila aina. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kuumaliza kwa siku saba, bila kujali chanzo, anaahidi jambo asiloweza kulitimiza. Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni. Amesikia tangazo la dawa ya masikio, akanunua chupa ya kwanza, kisha ya pili kwa kuwa aliambiwa ya kwanza "imeanza kufungua mishipa". Kumbe tundu la sikio lake limezibwa na nta. Fedha za chupa mbili zimekwenda, na nta ingali pale pale. Huyu amepata hasara ya fedha tu. Angekuwa mtu aliyepoteza usikivu ghafla, wiki alizozitumia kungoja dawa ifanye kazi zingekuwa ndizo wiki alizohitaji kuwa hospitalini.

Kabla ya kununua dawa yoyote ya masikio, muulize muuzaji: Je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Ina nini ndani? Inafaa kwa chanzo gani? Imekatazwa kwa nani? Ikiwa ni tiba asili, je, mtoaji wake amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, si kwenye basi wala kwa mpita njia.

Kununua shimesikio

Shimesikio ni kifaa cha gharama, na halinunuliwi kwa kukadiria. Lisinunuliwe kabla ya kipimo cha usikivu, kwa sababu hurekebishwa kulingana na upungufu wa kila sikio. Vipaza sauti vidogo vya bei nafuu vinavyouzwa mitandaoni hukuza sauti zote kwa pamoja, na huweza kuliongezea sikio kelele. Mnunuzi aulize kama ataruhusiwa kukijaribu kifaa na kukirudisha. Waranti ni ya muda gani. Nani atakirekebisha akiwa hapa Kilimanjaro. Na betri zinapatikana wapi na kwa bei gani. Majibu yaandikwe, na risiti ya kielektroniki idaiwe na kutunzwa.

Haki zako

Mfanyakazi katika kelele ana haki ya kukingwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri ana wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, nayo husimamiwa na OSHA. Aliyeumizwa usikivu na kazi anaweza kupeleka madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo matokeo ya vipimo yatunzwe. Anayesumbuliwa na kelele za ukumbi, baa au karakana jirani aanze kwa mazungumzo ya staha, kisha serikali ya mtaa au kijiji, afisa mazingira wa halmashauri, na hatimaye NEMC, ambayo hutumia kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo. Aliyepotoshwa na tangazo la biashara anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa wateja.

Maswali ya kujipima

Tunashauri maswali haya yasomwe na familia nzima, na majibu yake yatafutwe humu humu.

1. Kwa nini seli za kusikia zilizokufa ni hoja ya kutosha ya kujikinga na kelele?
2. Ikiwa kelele ya mashine imefikia desibeli 94, mtu asiye na kikingio anaweza kukaa hapo kwa usalama muda gani?
3. Taja vitu vitatu vilivyomo nyumbani mwako ambavyo hutumiwa kusafishia masikio, nawe kuanzia leo utaviacha.
4. Babu amepoteza usikivu wa sikio moja tangu jana asubuhi. Apelekwe wapi, na kwa nini asingoje?
5. Muuzaji wa dawa ya masikio amepita nyumbani kwako. Utamuuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?